Shina au Ncha

Sentensi niliiandika mimi, mezani Montreal,
mwezi wa pili, kahawa ikipoa:
*Soko litalipa NDIYO iwapo barafu ya mto Hietajoki, Ufini,
itavunjika kabla ya saa sita usiku, Aprili thelathini, kwa saa za huko.
Kuvunjika maana yake: kigogo kilichosimikwa katikati ya mto
kimesogea mita mia moja.
Shahidi: daftari la mpimaji.*
Nikaisoma mara mbili. Sikuona tundu.

Machi, NDIYO iliuzwa senti thelathini na moja.
Yaani watu wasioonana, daktari wa meno wa Busan,
mjane wa Winnipeg aliyeweka pesa za paa,
walikuwa wamekadiria kwa pamoja joto la mto
ambao hawajawahi kutia kidole.

Mpimaji ni Irja Vaarala. Ana miaka sitini na tisa,
buti za marehemu mumewe,
na penseli, kwa kuwa kule wino huganda.

Usiku wenyewe, saa tano na dakika arobaini na nane,
mto ulikohoa.
Kigogo kikainama, kikalala, kikaondoka taratibu
kama mgeni asiyetaka kuwaamsha wenye nyumba.
Mita tisini na nne.
Hapo bamba la barafu likajikita kwenye nguzo ya daraja,
na kila kitu kikasimama.
Kwangu ilikuwa bado jioni. NDIYO ilipanda hadi tisini,
ikashuka hadi ishirini, ikapanda,
na kule hakuna kilichosogea.
Saa sita na dakika tisa kigogo kikaendelea na safari. Hakikuaga.

Mwamba ngoma huvutia kwake.
Wenye NDIYO wakaingiwa ghafla na mapenzi ya lugha:
kuvunjika ni kuvunjika, mita sita ni nini?
Wenye HAPANA wakawa walokole wa herufi.
Kisha mmoja, sijui nani, akauliza:
kigogo kina urefu wa mita saba. Kimelala.
Mnapimia shina, au ncha?
Shina, tisini na nne. Ncha, mia na moja.
Sentensi yangu ilinyamaza.

Dhamana ikawekwa, pingamizi likapokelewa,
ikaitishwa kura ya wenye hisa.
Na kura yetu ina makali yake:
ukiangukia upande wa wachache, unakatwa.
Basi hakuna anayeuliza nini kilitokea.
Kila mmoja anauliza
wenzake watasema nini kilitokea,
nao wanauliza hivyo hivyo juu yake,
na mto uko mbali, unapita.

Mtu alimpigia Irja simu, akamwahidi jiko jipya la sauna
kwa tarakimu moja tu.
"Ninalo jiko," alisema, akakata.

Nilipompigia mimi, nilisikia kurasa zikifunuliwa.
"Shina," akasema. "Aliyenitangulia alipima shina.
Yeye sikumuuliza kwa nini."
Hilo ndilo nililobandika mbele ya wapiga kura:
mazoea ya mtu aliyekwisha kufa.
HAPANA ikapita, sitini na moja kwa mia.
Pesa zikahama kabla sijamaliza kikombe.
Paa la Winnipeg sikuulizia.

Wiki iliyofuata picha ya ukurasa ikanifikia kwa barua.
Safu ya umbali: 94.
Safu ya saa: 23.52.
Na pembeni, kwenye safu ya maelezo
ambayo kanuni yangu haikuitaja,
penseli imekandamizwa hadi karatasi ikaacha kovu:
*Barafu imevunjika. Nimeisikia kutoka jikoni.*

Sasa naandika sentensi ya mwaka ujao.
Imefika kurasa nne. Ina shina, ina ncha,
ina nguzo za daraja na unene wa kamba.
Sijapata bado pa kuliweka
jiko la Irja, dirisha likiwa wazi.